Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za moto wa nyika: zileteni kabla nyasi hazijakauka

Kwa: Mawaziri wa fedha, wakuu wa idara za misitu na zimamoto, wasimamizi wa mifuko ya tabianchi, na wafadhili wote wenye kauli juu ya fedha za kudhibiti moto wa nyika na misitu

YAH: FEDHA ZA KUZUIA MOTO KUTOZIFIKIA JAMII KWA WAKATI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu. Tungependelea barua hii isomwe mezani kwenu bila hadhara, kama tulivyofanya kwa zile zilizotangulia. Lakini zile zilizotangulia zilifika masjala, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na habari zake zikaishia hapo. Tuliambiwa suala letu linashughulikiwa. Baadaye tukaambiwa fungu limekwisha. Baadaye tena tukaambiwa tusubiri tangazo lijalo. Wakati huo wote nyasi zilikuwa zinaota na kukauka kama kawaida yake. Ndiyo maana leo tunaandika mbele ya watu.

Kazi yangu ni kuviandikia vikundi vya jamii maandiko ya miradi ya kuzuia moto. Ni miradi isiyo na mbwembwe: kufyeka njia za moto, yaani vipande vya ardhi visivyo na majani vya kukatisha moto, kuchoma nyasi mapema kabla hazijakauka kabisa, kuondoa majani makavu kando ya nyumba, kupunguza msongamano wa miti midogo, kununua pampu za mgongoni na kuwafundisha watu wa kuzibeba. Hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwenye njia ya moto, na pengine hilo nalo ni sehemu ya tatizo.

Hatudai fedha nyingi kuliko mnazotumia sasa. Tunadai sehemu ya fedha hizo hizo ije mapema, ije kwa miaka mfululizo, na ifike mikononi mwa watu wanaoishi na nyasi hizo. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mkoba hufunguliwa moshi ukishaonekana

Moto ukishapanda mlima na wapiga picha wakafika, hakuna anayeuliza kasma, yaani fungu la bajeti. Helikopta hukodiwa kwa saa, vikosi huhamishwa kutoka mikoa ya mbali, posho huidhinishwa usiku. Hatuna ugomvi na hilo. Watu wakiwa hatarini, waokolewe kwa gharama yoyote. Tunachoshindwa kuelewa ni vipi ofisi hiyo hiyo, miezi mitatu kabla, ilikosa fedha ya mafyekeo na reki.

Wala si malalamiko ya kikundi kimoja chenye kinyongo. Februari 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, pamoja na kituo cha GRID-Arendal cha Norwei, lilitoa ripoti juu ya moto wa nyika duniani. Ripoti hiyo ilieleza kwamba kwa kawaida zaidi ya nusu ya matumizi yanayohusu moto huenda kwenye kuuzima, huku mipango ikipata chini ya asilimia 1. Ikapendekeza mgawanyo ugeuzwe: theluthi mbili ziende kwenye mipango, kinga, maandalizi na kurejesha hali baada ya moto, na theluthi moja ibaki kwa kuzima. Ikakadiria pia kwamba matukio ya moto mkubwa kupita kiasi yataongezeka kwa hadi asilimia 14 ifikapo 2030, na asilimia 30 ifikapo 2050. Ripoti hiyo mnayo. Wengine wenu huinukuu kwenye hotuba.

Marekani imeshatuonyesha mwisho wa njia hii. Mwaka 1995 idara yake ya misitu ilitumia takriban asilimia 16 ya bajeti yake kwa moto. Kufikia 2015 ilikuwa zaidi ya nusu. Kila fedha za kuzima zilipokatika katikati ya msimu, zilichotwa kutoka kasma nyingine, zikiwemo zile za kupunguza vichaka na miti iliyosongamana. Yaani moto wa mwaka huu ulizimwa kwa fedha za kuzuia moto wa mwaka ujao, na mwaka ujao ulipofika, moto ukawa mkubwa zaidi na ukahitaji fedha zaidi. Ilibidi Bunge la nchi hiyo lipitishe mabadiliko mwaka 2018, likatenga fungu la pembeni la kuzimia moto kuanzia mwaka wa fedha 2020, ndipo uchotaji huo ukapungua. Kama nchi tajiri kiasi hicho ilikwama, ninyi mnaoendelea kuchota leo mnatarajia nini?

2. Kalenda yenu na kalenda ya nyasi

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha barua hii.

Takriban theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na sehemu kubwa yake ni savana. Savana haiwezi kuamriwa isiungue. Linaloweza kuamuliwa ni lini iungue, na kwa ukali gani. Mvua zikikatika, nyasi hazikauki zote kwa siku moja. Miinuko na udongo wa kichanga hutangulia, mabondeni unyevu unabaki. Ukiwasha moto wakati huo, jioni, upepo umetulia, unatembea polepole, unakomea penye majani mabichi, na umande wa usiku unaumalizia. Asubuhi unakuta mabaka meusi yamechanganyika na mabaka ya kijani. Mabaka hayo meusi ndiyo yatakayouvunja nguvu moto mwingine utakaokuja miezi miwili baadaye. Miti mikubwa imesalimika, na wanyama wamepata pa kukimbilia.

Cheche hiyo hiyo ikiangukia nyasi hizo hizo mwishoni mwa kiangazi, mchana, upepo ukivuma, hakuna wa kuizuia. Inakuwa moto kichaa. Unapanda kwenye matawi, unaruka barabara, unaua miche yote iliyochipua tangu msimu uliopita. Tofauti kati ya moto wa kwanza na wa pili ni wiki chache, na wiki hizo hazipatikani tena hadi mwaka uzunguke.

Sasa tazameni kalenda yenu. Bajeti ikishapita, ndipo tangazo la maombi hutoka. Kuna muda wa kuandika, kuna muda wa uchambuzi, kuna muda wa kusaini mikataba, kisha fedha zinaanza safari kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Zikifika, nyasi zimekwisha kukauka, na mtu anayewasha moto wa kinga siku hizo anastahili kukamatwa. Kikundi kinabaki na fedha zisizoweza kufanya kazi iliyoombewa, na wakati huo huo kinatakiwa kizimalize kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Basi zinanunuliwa fulana zenye nembo ya mfadhili. Inaitishwa semina. Vinachapishwa vipeperushi vya kuwaambia watu wasichome moto. Taarifa inaandikwa kwamba utekelezaji umefikia asilimia 100. Taarifa za namna hiyo zimejaa kwenye makabati yenu, na sijasikia hata moja iliyorudishwa kwa swali.

Kwenye misitu ya nchi za baridi mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Matawi yaliyokatwa yanapaswa kukaa yakauke kabla ya kuchomwa, na siku ambazo unyevu na upepo vinaruhusu kuchoma kwa usalama ni chache, nyingi zikiangukia kabla au baada ya majira ya joto. Mkataba unaodai kazi iishe tarehe fulani, iwe isiwe, unamsukuma mtu achome siku mbaya au asichome kabisa.

Kwamba inawezekana kwenda tofauti, mfano upo. Kaskazini mwa Australia, Arnhem Land ya magharibi, wenyeji asilia wanaendesha tangu 2006 mradi unaojulikana kama WALFA, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 28,000. Wazee na vijana walinzi wa ardhi huchoma mapema, wengine kwa miguu na wengine kutoka kwenye helikopta, wakitumia maarifa waliyorithi pamoja na picha za setilaiti. Mlipaji wa mwanzo alikuwa kiwanda cha gesi cha Darwin, kilichotakiwa kufidia sehemu ya hewa ukaa yake, kwa makubaliano ya miaka 17 ya takriban dola milioni 1 za Australia kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo gesi joto zitokanazo na moto wa eneo hilo zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Watu husifia mradi huo kwa sababu ya hewa ukaa. Mimi nausifia kwa ajili ya ile miaka 17. Mtu anayejua kwamba fedha ipo tangu mvua zinanyesha anaweza kupanga nani atachoma wapi, na akaanza siku nyasi zinaporuhusu.

3. Masharti yameandikiwa wenye ofisi

Ruzuku nyingi hudai kikundi kitoe mchango wake kwanza. Nyingine hudai kifanye kazi kwa fedha zake, kilete risiti, kisha kirudishiwe baada ya miezi kadhaa. Kikundi cha wafyekaji kisicho na akiba benki kitakopa wapi? Na kikikopa, riba italipwa kutoka kifungu kipi, maana fomu yenu haina mstari wa riba?

Marekani, chini ya sheria ya miundombinu ya 2021, ilitenga dola bilioni 1 kwa miaka mitano ziwe ruzuku za jamii kujikinga na moto wa nyika. Nayo ilidai mchango: asilimia 10 kwa miradi ya kuandaa mipango na asilimia 25 kwa kazi zenyewe. Lakini iliweka kifungu cha kuzisamehe jamii zenye hali duni. Kati yenu wapo ambao hawajafikia hata hatua hiyo ya msamaha.

Na kuna lugha ya fomu. Nimeona andiko lililopangwa vizuri la eneo lisilo na hatari kubwa likipita, na andiko lenye makosa ya uandishi la eneo ambalo nyasi zimefika usawa wa madirisha likitupwa. Uchambuzi wenu unapima ustadi wa mwandishi. Mimi ninayelipwa kuandika ndiye ninayewaambia hivyo, na mkibadilisha utaratibu huo huenda nikakosa kazi.

4. Mwaka mmoja hautoshi hata kwa kichaka

Njia ya moto iliyofyekwa leo itaota tena mvua zikinyesha. Msitu uliopunguzwa miti midogo utajaza pengo lake. Mtu aliyefunzwa kuongoza moto wa kinga msimu mmoja, akikosa kazi msimu wa pili, atahamia mjini na maarifa yake. Mradi wa mwaka mmoja wa kuzuia moto unaacha bango na picha.

Afrika Kusini sheria ya mwaka 1998 ya moto wa nyika na misitu inamtaka mwenye ardhi aandae njia ya moto mpakani mwake, na inaruhusu majirani kuunda vyama vya kujikinga na moto kwa pamoja. Tangu 2003 serikali yake inaendesha mpango wa Working on Fire, ambao huajiri vijana waliokuwa hawana kazi, ukawafunza kuzuia na kuzima moto. Mpango huo una kasoro zake, lakini umedumu. Vijana wake wakisubiri moto hukata vichaka na kutengeneza njia za moto, na kwa hiyo mshahara wao haulali.

Jimbo la Andalusia, Hispania, limechukua njia iliyo rahisi zaidi: linawalipa wafugaji walishe mifugo yao kwenye njia za moto. Mwisho wa msimu mkaguzi hupita kuona majani yameliwa kiasi gani, na malipo hutegemea alichokiona. Mbuzi hawahitaji semina.

5. Mipango ipo, lakini haijafungiwa fedha

Hoja hii ni fupi kwa sababu inajieleza. Agosti 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina, kisiwani Maui, Hawaii, ukaua zaidi ya watu 100. Kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya zamani ya miwa yaliyoachwa yakajaa nyasi ngeni zinazowaka upesi. Mpango wa kujikinga na moto uliokuwa umeandaliwa tangu 2014 ulikuwa umekwisha kuutaja mji huo kuwa kwenye hatari kubwa mno, na kushauri majani yapunguzwe karibu na makazi. Kabatini mwenu kuna mipango mingapi ya aina hiyo?

6. Nyumba zinasahaulika

Tunapozungumza nanyi juu ya kinga, mawazo yenu huenda porini moja kwa moja. Lakini nyumba nyingi zinazoteketea kwa moto wa nyika huwashwa na cheche zilizobebwa na upepo, mara nyingine kutoka mbali, zikaangukia majani makavu kwenye mfereji wa paa, rundo la kuni ukutani, au zulia la majani chini ya ngazi. Mtafiti Jack Cohen wa idara ya misitu ya Marekani alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kuungua au kusalimika kwa nyumba kunategemea zaidi nyumba yenyewe na kilicho ndani ya takriban mita 30 kuizunguka. Mwaka 2018, mji wa Paradise, California, ulipoungua na watu 85 wakafa katika moto huo, zilionekana nyumba zilizogeuka majivu huku miti iliyo kando yake ikiwa bado ya kijani.

Kusafisha mita hizo 30 ni kazi ya wenye nyumba na majirani. Kazi hiyo inawashinda wazee, wagonjwa, na wenye nyumba waliohamia mbali. Hapo ndipo ruzuku ndogo ya kikundi cha mtaa, ya kukodi gari la kubebea taka na kuwalipa vijana siku mbili tatu, inafanya kazi ambayo ndege haitaweza kuifanya baadaye. Ureno ililijua hilo baada ya moto wa Juni na Oktoba 2017 kuua zaidi ya watu 100. Mwaka uliofuata ilianzisha mpango wa vijiji salama, ambapo kijiji huteua mtu wake wa usalama, hupanga njia za kukimbilia na mahali pa kujihifadhi, kisha hufanya mazoezi. Sambamba na hilo, sehemu ya fedha inayokwenda kwenye kinga, ambayo mwaka 2017 ilikuwa takriban moja ya tano, iliongezwa miaka iliyofuata hadi kukaribia nusu.

Majibu mtakayotupa

Tumeshayasikia kwenye vikao, kwa hiyo tuyajibu mapema.

Mtasema wanaowasha moto ni hao hao wanajamii. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hata Marekani takriban asilimia 85 ya moto wa nyika hutokana na watu: moto wa kambi ulioachwa, uchomaji taka, vifaa, nyaya za umeme, na wenye nia mbaya. Lakini hiyo ni sababu ya kuleta fedha kwa watu. Radi haifundishiki, mtu anafundishika. Anayesafisha shamba kwa moto atauwasha tu, ruhusa iwepo isiwepo, na hakuna mgambo wa kutosha duniani wa kumlinda kila mkulima. Akipata majirani wa kumsaidia, njia ya moto iliyofyekwa, na mtu wa kumwambia leo upepo si mzuri, subiri kesho, moto wake utabaki shambani. Brazil, ambako uchomaji unaojulikana kwa ubaya ni mwingi, ilipitisha Julai 2024 sheria ya usimamizi jumuishi wa moto inayotambua matumizi ya jadi ya moto badala ya kuyapiga marufuku yote kwa pamoja. Marufuku tumeishi nayo tangu enzi za ukoloni katika nchi nyingi, na matokeo yake ni watu kuchoma kwa kujificha, usiku, kisha kukimbia. Moto unaokimbiwa na aliyeuwasha ndio mbaya kuliko wote.

Mtasema kinga haipimiki, kwamba hakuna anayeweza kuhesabu moto ambao haukutokea. Eneo lililochomwa mapema linaonekana kwa setilaiti. Kilomita za njia ya moto zinapimwa kwa miguu. Mkaguzi wa Andalusia anahesabu majani yaliyobaki. Ugumu uliopo ni kwamba vipimo hivyo haviingii kwenye jedwali lenu, ambalo lina nafasi ya idadi ya washiriki wa semina.

Mtasema vikundi vya jamii havina uwezo wa kutunza hesabu, na fedha zitaliwa. Baadhi zitaliwa; hatutawadanganya. Lakini ulinganisho wa haki ungeangalia pia mikataba ya dharura, inayosainiwa usiku bila zabuni kwa sababu mlima unawaka. Fedha kidogo, inayotangazwa kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya watu wanaojua bei ya fyekeo, ni ngumu kuiba kuliko mnavyodhani. Kama shida ni uhasibu, basi lipieni mhasibu mmoja wa vikundi kumi. Ni gharama ndogo kuliko kuvinyima vyote kumi.

Mtasema ndege na magari ni lazima. Hatupingi. Ila ndege hupunguza kasi ya moto, na mara nyingi bado anahitajika mtu ardhini wa kuumaliza. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka na takriban kilomita za mraba 95 zikaungua, mamia ya watu, wakiwemo wanavijiji na wanafunzi, walipanda kupambana nao, wengi wakiwa na matawi na vifaa vya mkono. Watu wa namna hiyo ndio wanaotangulia karibu kila mahali, na ndio mnaoambiwa kwenye maombi yetu kwamba wanahitaji viatu.

Na wapo watakaosema tatizo ni mabadiliko ya tabianchi, kwa hiyo halimalizwi kwa fyekeo. Joto na ukame vinaongeza hatari, hilo hatulikatai. Lakini moto unahitaji pia kitu cha kuunguza, na hicho ndicho pekee kati ya vyote kinachoweza kuondolewa na watu wa mtaa mmoja ndani ya mwezi mmoja.

Tunachoomba

Kwanza, tangazeni hadharani, kwa kila mwaka wa fedha wa miaka mitano iliyopita, ni kiasi gani kilikwenda kwenye kuzima na kiasi gani kwenye kinga, na katika hicho cha kinga ni kiasi gani kilifika nje ya ofisi za wizara na mashirika makubwa. Bila hesabu hiyo tutaendelea kubishana kwa makisio.

Pili, wekeni lengo lenye tarehe la kufikia ule mgawanyo wa theluthi mbili kwa moja. Hatutarajii mwaka mmoja. Tunatarajia kuona asilimia ikipanda kila bajeti.

Tatu, tengeni fedha za kuzima kwenye mfuko wake, na mpige marufuku kuchota za kinga msimu wa moto ukianza. Kati ya maombi yetu hili lina gharama ndogo kuliko yote, maana linataka saini tu.

Nne, mikataba na vikundi iwe ya miaka mitatu hadi mitano, na awamu ya kwanza ya kila mwaka ilipwe mvua zikiwa bado zinanyesha, au kabla theluji haijayeyuka kwa wenye theluji. Kama nyasi zimekauka kabla fedha haijafika, kikundi kiruhusiwe kuihifadhi hadi msimu unaofuata bila kunyang'anywa.

Tano, ruzuku ndogo zilipwe kabla ya kazi, bila mchango wa fedha taslimu. Siku ambazo watu wanafyeka bila malipo zihesabiwe kuwa mchango wao. Fomu isizidi kurasa mbili, na ikubali lugha ambayo kikundi kinatumia kwenye mikutano yake. Uchambuzi uanze na ramani ya hatari, kisha ndipo msome andiko.

Sita, walipeni wanaochoma mapema kwa kazi waliyoifanya, kama mnavyowalipa wanaozima. Kwa sasa mtu anayeketi kando ya moto wa kinga usiku kucha anaitwa wa kujitolea, na anayeshushwa na gari siku moto umeshindikana anaitwa mtaalamu na analipwa posho.

Tunaomba majibu ya maandishi, yatolewe hadharani, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua hii. Mkikataa ombi lolote kati ya hayo sita, tunaomba mtaje namba yake na sababu. Majibu ya jumla kwamba suala linashughulikiwa tutayahesabu kuwa ni kukataa, na tutapeleka maombi haya kwenye kamati za bunge za bajeti kabla ya kikao chao kijacho.

Wasalaam,

Mwandishi wa maandiko ya miradi,
kwa niaba ya vikundi vya jamii vya kuzuia moto

Nakala: Kamati za bunge za bajeti na maliasili, wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali, vyombo vya habari